MUUGUZI WA AKILI SI ASKARI JELA



Katika mikutano ya matawi yetu limezuka neno moja ambalo hatuwezi kulipita kimya. Wako wenzetu, tena watu wema waliolipa ada zao miaka mingi, wanaosema kwamba shida ya wauguzi wa wodi za akili itakwisha siku tajiri atakapoongeza posho ya hatari. Wapewe shilingi elfu kadhaa juu ya mshahara, wanasema, nao wanyamaze. Sisi twasema hapana. Posho twaitaka na hatutaiacha. Lakini posho haimshiki mgonjwa mkono saa nane ya usiku. Twataka watu. Twataka muuguzi wa tatu na wa nne katika zamu ya usiku, waliosomea kazi hiyo, na twataka jambo hilo liandikwe katika mkataba, mstari mmoja na mishahara, lisiachiwe huruma ya msimamizi. Asiyekubaliana nasi na asome mpaka mwisho, kisha aje mkutanoni atupinge.

Kwanza yafaa tuseme kazi yenyewe ni nini, kwa maana hata ndani ya chama chetu wako wanaoicheka. Muuguzi akihamishiwa wodi ya akili, wenzake wa wodi ya upasuaji humwambia, "Haya, umetupwa kwa wazimu." Muuguzi wa upasuaji ana mkasi, ana bandeji, ana mtungi wa hewa, na pengine ana mashine ya kupiga kelele mgonjwa akizidiwa. Muuguzi wa akili hana mashine ya kumwamsha. Mgonjwa aliyekusudia kujiua mara nyingi halii wala haiti mtu. Siku hiyo yaweza kuwa ametulia kuliko jana, amekula, amemshukuru muuguzi, amempa jirani yake kipande chake cha sabuni. Atakayeiona hatari hiyo ni mtu aliyekaa naye siku tatu zilizopita, anayejua kwamba sabuni ile alikuwa akiilinda kama fedha. Aliyeingia wodini jioni hiyo tu, na wagonjwa hamsini mbele yake, ataandika katika ripoti: "Ametulia."

Kadhalika mwenye kusikia sauti zisizo na mtu. Muuguzi aliyefundishwa hamwambii kwamba ni mwongo, wala hazikubali sauti zile. Huketi, humwuliza zinasema nini, husikiliza kama zinamwamrisha kumdhuru mtu au kujidhuru mwenyewe, kisha humwambia kwa upole kwamba yeye hazisikii lakini anaona jinsi zinavyomtesa. Mazungumzo hayo yataka nusu saa, na pengine yataka nusu saa nyingine kesho yake. Huwezi kuyafanya umesimama mlangoni, funguo mkononi, macho yako kwa mwingine anayepanda dirisha.

Tena ziko dawa. Watu hufikiri dawa za akili ni vidonge vya kulaza tu, na anayejua kuhesabu vidonge anaweza kazi. Chukueni haloperidoli, ambayo hutumika sana katika wodi zetu. Dawa hii humtuliza mtu, lakini yaweza kuipinda shingo ya kijana, macho yakapanda juu na ulimi ukakakamaa, hasa katika siku zake za kwanza. Mwenye kuijua hali hiyo huleta sindano ya kuuondoa mkazo, na kijana huwa mzima baada ya muda mfupi. Asiyeijua hudhani wazimu umezidi, akamwongezea ile ile iliyomdhuru. Iko lithiamu, ambayo kiasi kikizidi kidogo huwa sumu, na mgonjwa akiharisha au akikosa maji yumo hatarini. Iko klozapini, ambayo haifai kutolewa bila damu kupimwa mara kwa mara, kwani yaweza kuziangamiza chembe nyeupe za damu. Daktari wa akili, mahali alipo, hupita asubuhi na kwenda zake. Kutetemeka kwa mikono jioni huonwa na aliyebaki, naye ni muuguzi.

Basi chombo cha kazi hii ni wakati. Fundi seremala ukimnyang'anya randa, usimwulize kwa nini ubao una miiba.

Sasa tuchukue usiku mmoja. Hospitali hatuitaji, na wenzetu wa huko watajitambua wakisoma. Wauguzi ni wawili. Vitanda ni 40, wagonjwa ni 58, wengine magodoro sakafuni. Saa mbili ya usiku polisi wanaleta mtu mwenye pingu, anapiga makelele. Muuguzi mmoja hana budi kumpokea, na kumpokea si kumtia chumbani na kufunga mlango. Lazima apimwe homa, damu na sukari, kwa sababu malaria iliyopanda kichwani au sukari iliyoshuka yaweza kumfanya mtu mwenye akili zake atukane na kupigana, naye akiachwa mpaka asubuhi ati ni kichaa, aweza kukutwa maiti. Muuguzi wa pili amebaki na 58 peke yake. Mwenye kifafa anaanguka. Wawili wanagombania blanketi. Na kitanda cha mwisho yuko msichana ambaye daktari ameandika atazamwe kila baada ya dakika kumi na tano, kwa maana juzi alijaribu kujinyonga kwa shuka.

Wale wauguzi wawili walifanya yale ambayo wengi wetu tungefanya. Walifunga milango. Walimhamisha yule msichana akalala sakafuni kando ya meza yao. Na waliwachoma sindano watu watatu ambao, kama wangekuwako wauguzi wanne, wangetaka kuzungumziwa tu. Asubuhi hakuna aliyekufa, na ripoti ikasema usiku ulikuwa shwari.

Twauliza: sindano zile tatu zilikuwa dawa ya nani? Hao watatu hawakuwa na ugonjwa uliozihitaji usiku ule. Zilikuwa dawa ya upungufu wa wafanyi kazi, zikatiwa katika miili ya wagonjwa. Hilo ndilo jambo letu lote. Tajiri asipoajiri muuguzi, kazi ya muuguzi yule haipotei hewani. Hufanywa na kufuli, au na kamba, au na dawa iliyozidi. Kisha wageni wenye kamera wanapokuja, huikuta kamba mkononi mwa nani? Mkononi mwetu.

Wala desturi hii haikuanza jana. Mathari, hospitali kubwa ya akili ya nchi hii, ilianza kuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1910 ikafanywa nyumba ya wenye wazimu, na mwaka 1924 ikaitwa hospitali ya akili. Wazungu, Wahindi na Waafrika walitengwa humo kama walivyotengwa kila mahali. Tangu 1938 mpaka 1950 mkubwa wake alikuwa Dr. J. C. Carothers, ambaye siku alipokabidhiwa hospitali hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Bwana huyu ndiye aliyeandika kitabu juu ya akili za Mwafrika, kikachapwa na Shirika la Afya la Ulimwengu mwaka 1953. Mwaka 1954 akaiandikia Serikali maelezo juu ya Mau Mau, akiyaeleza kwa maradhi ya nafsi yale mambo ambayo wenyewe walisema waziwazi ni kudai ardhi na uhuru. Twalitaja hili kwa sababu moja. Nyumba za namna hiyo zilijengwa kwa ajili ya kuwaweka watu mbali, na kazi ya Mwafrika ndani yake ilikuwa kushika funguo, kupiga deki na kumkamata mgonjwa anayekimbia. Bendera imebadilika, na dawa zimebadilika, kwani katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ndipo klopromazini ilipoenea hospitalini na watu waliodhaniwa hawatapona wakaanza kurudi makwao. Hesabu ya zamu ya usiku ndiyo iliyobaki na fikira za nyumba ya kuwekea watu.

Na asituambie mtu kwamba Afrika haina njia nyingine. Mwaka 1954, wakati Carothers akiandika habari za Mau Mau, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, Dr. Thomas Adeoye Lambo alianza kuwapangia wagonjwa vyumba katika vijiji vilivyo karibu na hospitali. Kila mgonjwa alikuja na jamaa yake, wakakaa kijijini kama watu, mchana wakaenda hospitali kutibiwa. Hata waganga wa kienyeji aliwaita washirikiane naye. Njia ile haikuwa ya bure. Ilitaka wauguzi wanaokwenda vijijini na kuwajua watu kwa majina yao. Lakini ilionyesha kwamba mgonjwa wa akili aliye na watu karibu naye hahitaji ukuta mrefu.

Turudi kwetu. Mwaka 2010 wataalamu walioichunguza kazi hii waliandika kwamba wauguzi waliokuwa wakifanya uuguzi wa akili hasa katika Kenya nzima walikuwa kama 250, na katika hao kama 70 walikuwa Mathari. Gawanyeni wenyewe waliosalia kwa wilaya zote za wakati ule. Na waliosomea kazi hiyo walikuwa wengi kuliko hao, ila wengine walikuwa wamestaafu, wengine wamekwenda ng'ambo, na wengine wamepewa kazi katika wodi nyingine. Mwaka 2011 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikatoa taarifa ndefu juu ya jinsi matibabu ya akili yalivyotupwa. Mei 2013 wagonjwa kama 40 walitoroka Mathari kwa mara moja, na mjini watu wengi walicheka. Kwa wiki nzima ilikuwa hadithi ya matatu, ati chunga, jirani yako aweza kuwa mmoja wao. Sisi hatukucheka. Mtu hatoroki mahali anapopata nafuu.

Mwaka 2020 jopo lililowekwa na Serikali lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa jambo la dharura la taifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ikarekebishwa, na kaunti zikatwikwa wajibu wa kuwahudumia wagonjwa hawa. Maneno ya sheria hiyo ni mazuri na hatuyadharau. Inazungumza juu ya heshima ya mgonjwa, juu ya ridhaa yake, juu ya kutomfunga ovyo. Lakini mtu akisoma sheria hiyo wodini saa nane ya usiku, na wauguzi ni wawili, ataona kwamba imempa mgonjwa haki ambayo hakuna mtu wa kumpelekea.

Kaunti ndizo matajiri wa wengi wetu tangu mambo ya afya yalipogatuliwa mwaka 2013, na kaunti ndizo zinazotenda jambo ambalo latuudhi kuliko yote. Muuguzi anakwenda kusomea uuguzi wa akili, na mara nyingi anajilipia karo mwenyewe kwa mkopo wa chama cha akiba. Anarudi na cheti chake. Anapewa kazi katika wodi ya wazazi. Akiuliza, anaambiwa, "Wewe ni nesi, na nesi ni nesi." Hatuidharau wodi ya wazazi, kwani mama anayetokwa na damu hawezi kungoja na wauguzi wa huko pia ni wachache. Lakini huu si ukosefu wa fedha. Fedha za masomo zimekwisha tumika, tena zimetoka mfukoni mwa mfanyi kazi, na ujuzi uko pale pale hospitalini ukizungushwa katika wodi nyingine huku wodi ya akili ikilindwa na mtu wa mkataba wa miezi sita ambaye hajafundishwa hata namna ya kumshika mgonjwa bila kumvunja mkono.

Wakubwa wengine wamevumbua jibu jipya. Wanasema ulimwengu wote sasa unapunguza vitanda vya akili na kuwatibu watu nyumbani, basi na sisi tupunguze. Neno hili lina ukweli ndani yake. Sisi wenyewe twataka muuguzi atembee mitaani na vijijini, apeleke sindano ya mwezi, azungumze na mama wa mgonjwa, aone kama vidonge vinamezwa au vinafichwa chini ya godoro. Lakini wapunguzao vitanda kwa ajili ya kupunguza gharama tu, na wayatazame yaliyotokea Afrika ya Kusini. Mwaka 2015 idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba na nyumba za Life Esidimeni, na sababu moja waliyoitoa ilikuwa gharama. Wagonjwa zaidi ya 1,400 wakahamishwa, wengi wao wakapelekwa kwenye vyama vya hisani ambavyo havikuwa na wauguzi wa kutosha, wala chakula cha kutosha, wala vibali vya haki. Wagonjwa 144 walikufa. Walikufa kwa njaa, kwa kiu, kwa baridi, kwa kukosa dawa zao. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke alisikiliza ushahidi huo, akatoa hukumu ya fidia mwaka 2018. Na mwaka 2024 mahakama iliyochunguza vifo ilisema kwamba wakubwa wawili wa zamani walisababisha vifo vya watu tisa. Watu wale hawakuuawa na ugonjwa wa akili. Aliyeandika hesabu ya gharama alisahau kuandika nani atawalisha.

Sasa tuingie katika ugomvi wetu wa nyumbani, ule wa posho.

Mwaka 2017 wauguzi walikaa nje ya kazi tangu Juni mpaka Novemba kwa ajili ya mkataba wa mishahara na posho. Kudai vile ilikuwa haki, na yeyote aliyepitia miezi mitano ile bila mshahara anajua bei ya shilingi. Kwa hiyo hatusemi posho ni uchafu. Twasema posho ya hatari ni malipo ya kukubali kwamba hatari ipo na itakaa. Tajiri anayelipa posho na kuacha zamu na watu wawili amefanya biashara nzuri sana, kwani muuguzi mmoja wa ziada angemgharimu zaidi ya posho za wote waliopo. Na ninyi mliopokea mmeuza kitu. Siku mgonjwa atakapovunja meno ya mwenzetu, mtu wa ofisini atasema, "Si alikuwa analipwa kwa ajili hiyo?" Tumekwisha sikia neno hilo likisemwa, na aliyeambiwa alikuwa na nyuzi saba usoni.

Wala msidhani mgonjwa hupiga kwa sababu ni mbaya. Wote waliofanya kazi hii wanajua saa za ngumi: saa ya kula inapochelewa, saa ya kubadilisha zamu, saa mtu anapoomba jambo dogo mara tano na hakuna wa kumsikiliza. Anataka kumpigia mkewe simu. Anataka kujua siku ya kurudi nyumbani. Mara ya sita anapiga. Muuguzi wa nne angeipata ile mara ya pili. Kwa hiyo anayetaka wauguzi waache kupigwa, na wagonjwa waache kufungwa kamba, anataka kitu kimoja. Ndiyo maana hatukubali kugawanywa, huku chama cha wauguzi, kule watetezi wa wagonjwa, kila mmoja akimwona mwenzake ni adui. Tajiri hufurahi sana kuona ugomvi huo.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo baadhi ya wanachama hawatalipenda. Wako miongoni mwetu wanaompiga mgonjwa, wanaokula nyama yake na kumwachia mchuzi, wanaomwita kwa jina la ugonjwa wake. Chama hakitawatetea hao. Upungufu wa watu huelezea mlango uliofungwa na sindano ya usiku. Haumwelezi mtu anayempiga kofi mgonjwa aliyelala. Tukiwaficha, siku tutakapokwenda mbele ya tajiri kusema juu ya heshima ya kazi hii, atatuonyesha mmoja wao, nasi hatutakuwa na la kujibu.

Na ninyi wa mashambani, wa viwandani, wa bandarini mnaosoma gazeti hili mkono kwa mkono, msiseme haya ni mambo ya wauguzi. Ugonjwa huu hauulizi kipande cha kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza tajiri kumbagua mfanyi kazi kwa sababu ya hali yake ya akili. Neno hilo limo katika kifungu cha 5, na wengi wenu hamjapata kuambiwa. Lakini sheria hiyo hiyo yatoa ugonjwa wa siku saba kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara katika mwaka, kuwa kiasi cha chini. Mtu aliyelazwa kwa skizofrenia au kwa huzuni nzito huweza kukaa wiki sita kabla ya kusimama vizuri. Akirudi, kazi imekwisha pewa mwingine, na barua ya kufukuzwa haisemi neno "akili" hata mara moja. Yasema "kutohudhuria kazini." Hapa ndipo mashopstuadi wanapolala usingizi. Mikataba mingapi ya viwanda imeongeza siku za ugonjwa kuliko zile za sheria kwa ajili ya wagonjwa wa akili? Wenye mkataba wa namna hiyo watuletee, tutauchapa ukurasa wa kwanza.

Mkumbuke pia kwamba mpaka juzi tu mfanyi kazi aliyejaribu kujiua akaokolewa alikuwa mhalifu mbele ya sheria, na kifungo chake kiliweza kufika miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kile, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ni kinyume cha Katiba. Wauguzi waliowahi kumpa mtu dawa huku mkono wake mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda wanajua maana ya hukumu hiyo. Askari akiondoka kando ya kitanda, lazima mtu mwingine akae pale. Twarudi kwenye hesabu ile ile ya zamu.

Basi Halmashauri imekubaliana hivi. Katika mkataba ujao tutadai idadi ya wauguzi kwa kila zamu ya wodi ya akili iandikwe kwa tarakimu, mchana na usiku, na isishuke bila chama kujulishwa kwa barua. Tutadai aliyesomea uuguzi wa akili asiondolewe huko bila ridhaa yake na bila wa kushika mahali pake. Tutadai kila pigo analopata mfanyi kazi wodini liandikwe kuwa jeraha la kazini chini ya sheria ya fidia ya mwaka 2007, hata kama hakuna damu, na tajiri aache kumwuliza aliyepigwa alimkosea nini mgonjwa. Posho itadaiwa pia, lakini itakuwa ya mwisho katika orodha, na wajumbe wetu wamekatazwa kuipokea kwa kuyaacha hayo matatu ya kwanza. Juu ya hili la kukatazwa kulikuwa na kelele nyingi katika Halmashauri, na kura zilikaribiana. Walioshindwa wana haki ya kulileta tena katika mkutano mkuu.

Ili tusiende mezani na maneno matupu, twataka ushahidi. Kila anayefanya kazi katika wodi ya akili aandike, kwa muda wa siku thelathini, wauguzi walikuwa wangapi kila usiku, wagonjwa wangapi, vitanda vingapi, milango ilifungwa saa ngapi, na sindano ngapi zilitolewa ambazo hazikuwa katika karatasi ya dawa ya mchana. Majina ya wagonjwa yasiandikwe kabisa. Hiyo ni siri yao. Jina lako pia si lazima uliweke. Karatasi zipelekwe kwa katibu wa tawi, na mahali pasipo na tawi apewe mwakilishi wa hospitali iliyo karibu. Msimamizi akikataa kutia sahihi, ileteni vivyo hivyo.